Ditekta ya PI ya dhahabu: amplifaya inachelewa kutulia baada ya palsi, nitafikaje 10 µs?

KoiliYaGeita aliuliza:

Wakuu, habari za kazi.

Nina ditekta ya palsi (PI: koili inapigwa palsi ya umeme, ikizimwa inasikiliza mwitikio wa metali) ya kutafutia punje ndogo za dhahabu. Udongo wa huku ni mwekundu, umejaa changarawe za chuma. Shida yangu iko upande wa kupokea. Nataka sampuli ya kwanza ichukuliwe 10 µs baada ya palsi kuzimwa, maana mwitikio wa punje ya chini ya gramu moja hufa mapema sana. Kwa sasa tokeo la opampu (chipu ya kukuza ishara) linaachana na reli (ukomo wa volti za ugavi wake) kwenye 25 µs hivi, na halinyooki kabla ya 45 µs. Pete na sarafu inazikamata vizuri, punje haioni kabisa.

Saketi iko hivi:

Koili ya duara, kipenyo sm 26, mizunguko 22 ya waya wa enameli mm 0.5. Mita ya LC inasoma 300 µH. Kebo ni RG58, mita 1.2.

Mosfeti (swichi ya koili) ni IRF740, ugavi 12 V, palsi 100 µs, mara 600 kwa sekunde. 555 (chipu ya kupanga muda) inaendesha BC557 (transista), nayo BC557 inapandisha geti (mguu wa kuamrisha mosfeti). Kutoka geti hadi sosi kuna 1k ya kushushia.

Rezista ya kutuliza koili ni 390 Ω. Baada yake kuna 1k kwenda kwenye diodi mbili za 1N4148 zilizopishana, halafu NE5534 iliyofungwa kwa kugeuza ishara, 1k kwa 1M (ukuzaji 1000), na 22 pF kati ya pini 5 na 8. Reli za opampu ni ±5 V. Mguu tulivu wa koili uko kwenye chanya ya betri, na hapo ndipo ilipo sifuri ya amplifaya.

Osiloskopu ninayo, ya MHz 100. Nianzie wapi?

---

Fundi_Mikro:

Mkuu, ucheleweshaji wako hautoki sehemu moja. Ni tatu zimepandana: geti, koili na amplifaya. Ukibadilisha opampu peke yake utapata nafuu kidogo na utadhani opampu mpya ni mbovu. Zitenganishe kwa kupima sehemu tatu: mguu wa geti, makutano ya 1k na zile diodi, halafu tokeo la opampu. Koili yenyewe usiiguse kwa probu ya kawaida ya 10×, pale kuna zaidi ya volti 400 kwa muda mfupi, na hata ikivumilia, mapokeo ya osiloskopu yatazidiwa na kukuonyesha mkia ambao haupo. Ukilazimika, tumia probu ya 100×.

Anza na geti. IRF740 ina chaji ya geti hadi 63 nC, na 32 kati ya hizo ni za kati ya geti na dreni (mguu wa mosfeti unaounganishwa na koili). BC557 ikiachia, kinachobaki kuivuta geti chini ni ile 1k tu. Geti ikiwa kwenye 5 hadi 6 V, 1k inatoa kama 5.5 mA. Gawanya 32 nC kwa 5.5 mA, unapata karibu 6 µs. Ongeza muda wa kushuka kutoka 12 V hadi pale, unafika 7 au 8. Yaani unahesabu 10 µs tangu amri ya kuzima, wakati mosfeti imezima kweli kwenye 7 au 8. Kwenye osiloskopu utaona ngazi bapa karibu na 5 V. Ngazi hiyo isizidi nusu mikrosekunde.

Dawa ya bei rahisi ni kuitoa BC557 kabisa na kuiacha 555 yenyewe iendeshe geti kupitia 47 Ω. NE555 ya kawaida (siyo ya CMOS) inaweza kunyonya hadi 200 mA, inatosha. Itabidi palsi iwe ule muda tokeo liko juu, kwa hiyo weka 1N4148 kati ya pini 7 na 6, sambamba na rezista ya chini, anodi ikiwa pini 7. Chaji itapita kwenye rezista ya juu peke yake na muda wa juu utakuwa mfupi unavyotaka. Ukipata TC4427, hiyo ni bora zaidi: ampea 1.5, geti inafunga chini ya mikrosekunde 0.1. Weka kapasita ya 1 µF ya seramiki pembeni yake, kwenye pini zenyewe, siyo sentimita tano mbali.

Jambo jingine. IRF740 bandia ni nyingi sokoni. Ya kweli, palsi ikizimwa, kilele cha volti kinakaa bapa juu ya 400 V kwa mikrosekunde moja hadi mbili. Ukiona kilele kinakatwa kwenye 250 au 300, hiyo siyo 740, na koili itachukua muda mrefu zaidi kumwaga umeme wake.

---

Mama_Osiloskopu:

Nachukua upande wa koili, kwa sababu 390 Ω imewekwa kwa kukisia.

Koili, kebo na mosfeti kwa pamoja ni saketi ya L na C. Rezista ikiwa kubwa mno, koili inayumbayumba. Ikiwa ndogo mno haiyumbi, lakini inajikokota. Kosa la pili ndilo la hatari, kwa sababu kwenye skrini mstari unaonekana safi na mtu anaridhika. Thamani sahihi ni nusu ya kipeuo cha pili cha L/C.

Hesabu ya kwako: enameli iliyofungwa fungu moja, koili kama 120 pF. RG58 ina karibu 100 pF kwa mita, hapo 120. Mosfeti ndiyo inayokula zaidi: datashiti inasema 330 pF, lakini hiyo ni kwenye 25 V. Koili ikitulia, dreni inakaa kwenye 12 V, na hapo ni kama 450. Jumla 690 pF. Kipeuo cha pili cha 300 µH kwa 690 pF ni 659, nusu yake 330 Ω.

Sasa angalia. Kwenye saketi ya kugeuza ishara, ile 1k ya kuingilia inasimama kati ya koili na sifuri muda wote, iwe diodi zinapitisha au opampu imeshika. Kwa hiyo iko sambamba na rezista ya kutuliza. 390 na 1k sambamba ni 281 Ω, chini ya 330. Umejikokotesha. Kwa thamani hiyo mkia wa polepole una muda wa 0.81 µs, na kutoka 400 V hadi kiwango cha mikrovolti 100 unahitaji mara 15 ya hapo, yaani 12 µs. Ungeweka 490 Ω, ungeshuka hadi 8 µs bila kubadilisha kitu kingine.

Lakini nane bado ni nyingi. Weka diodi ya kasi kati ya koili na dreni, anodi upande wa koili: MUR460, au UF4007 ukikosa. Volti ikipanda, kapasitansi ya mosfeti inachajiwa na kubaki na chaji yake hadi palsi inayofuata, na koili ikishuka diodi inakuwa imeshafunga. Zile 450 pF zinatoka kwenye hesabu. Unabaki na karibu 260 pF. Rezista ya jumla inakuwa 537 Ω, na ukitoa mchango wa 1k, rezista ya kutuliza inakuwa karibu 1.15k. Koili inatulia kwenye 5 µs.

Mambo ya kuangalia hapo:

Rezista ya kutuliza ifungwe upande wa koili, sambamba na koili. Ukiifunga kwenye dreni, diodi itaitenga na koili italia bila mtu wa kuizuia.

Usitumie 1N4007. Inachukua mikrosekunde kadhaa kujifunga baada ya kupitisha umeme, na muda huo ndio unaopigania.

Rezista yenyewe iwe ya filamu ya kaboni au oksidi ya metali, mbili za 560 Ω 2 W mfululizo, ili zigawane volti. Zile nyeupe za saruji ni waya uliozungushwa ndani, zina induktansi yake. Na ile 1k ya kuingilia inapitisha 0.4 A kwa kama mikrosekunde mbili kila palsi, wastani wake unakaribia 0.2 W. Weka mbili za 510 Ω za nusu wati mfululizo, usiweke moja ya robo.

Kama una jenereta ya ishara, usitegemee makadirio yangu ya pF. Tenganisha rezista ya kutuliza na ile 1k, washa ugavi wa 12 V huku geti ikiwa imefungwa kwenye sosi, ingiza ishara kwenye koili kupitia 100k, kisha tafuta masafa ambayo volti inakuwa kubwa kuliko kwingine. Bila diodi tarajia karibu kHz 350, ukiwa nayo karibu 570. Kutoka hapo C = 1 / ((2πf)² × L). Toa pF za probu yako, kwa kawaida 12 hadi 15.

Ukimaliza hesabu, rekebisha kwa jicho: funga 820 Ω ya kudumu mfululizo na trima ya 500, angalia tokeo la opampu kwa 2 µs kwa kila mraba, shusha kutoka juu mpaka mruko wa mwisho chini ya sifuri utoweke tu, ukome hapo. Kisha pima, weka rezista za kudumu, trima itoke. Trima haivumilii 400 V siku nyingi.

---

Fundi_Mikro:

Hiyo ya diodi naunga mkono. Inakula kama volti moja ya ugavi, lakini inalipa.

---

Rasi_NE5534:

Sasa amplifaya. Hapa ndipo ilipo sehemu kubwa ya zile 45 µs.

Ondoa ile 22 pF kati ya pini 5 na 8 leo hii. Kapasita hiyo ni ya mtu anayekuza chini ya mara 3. Datashiti inaonyesha kwenye kHz 10 opampu ikiwa wazi inakuza mara 2,200 ukiwa na 22 pF, na mara 6,000 bila hiyo. Ukitaka ukuzaji 1000 kwa hatua moja, na 22 pF upana wa masafa ni kama kHz 22, muda wake 7.2 µs. Kutoka kwenye reli ya 5 V hadi 5 mV ni karibu mara 7 ya muda huo: 50 µs. Ndicho unachokiona. Ukiing'oa unashuka hadi 18 hivi, kwa kazi ya sekunde chache na bila gharama.

Kwa 10 µs bado haitoshi. Gawa ukuzaji kwa hatua mbili, kila moja 1k kwa 27k, jumla 729. Hata ukihesabu kwa unyenyekevu kwamba NE5534 ina MHz 10, kila hatua inapata kHz 370, muda 0.43 µs. Hatua mbili zinatulia ndani ya 4 µs hivi baada ya diodi kuachia. Na 27k inakuepusha na ugonjwa wa 1M: hata 1 pF ya bodi sambamba na 1M ni mikrosekunde nzima.

Lakini usiache hatua hizo zigote kwenye reli. Opampu ikishagota, inachukua muda wake kurudi, na muda huo hubadilika na joto na betri, kwa hiyo sampuli yako itatembea. Kwenye kila hatua weka 1N4148 mbili zilizopishana sambamba na ile 27k. Tokeo la hatua ya kwanza litakatwa kwenye 0.6 V na opampu haitawahi kupoteza udhibiti. Diodi hizo zina kama 4 pF kila moja. Kwa 27k ni 0.2 µs, inavumilika. Kwenye hatua ya pili zitakubana usipate ishara zaidi ya nusu volti, basi weka mbili mbili mfululizo kila upande.

Usiweke kapasita kati ya hatua ya kwanza na ya pili. Wengi huiweka ili kuondoa ofseti (volti ndogo ya kosa ya opampu yenyewe). Wakati wa palsi inajazwa volti 0.6, kisha inaimwaga taratibu juu ya ishara yako, na unaanza kutafuta mkia kwenye koili wakati uko kwenye kapasita. Ofseti iondoe kwa trima ya 100k kati ya pini 1 na 8, mkono wake kwenye reli chanya kupitia 22k. Ni lazima: ofseti ya NE5534 inaweza kufika 4 mV, mara 729 ni karibu 3 V.

---

KoiliYaGeita:

Shukrani sana wakuu. Maswali mawili kabla sijaagiza vifaa. Kwa kuwa napunguza muda wa sampuli, kelele itaongezeka. Je, ninunue OPA1611 badala ya NE5534, na nishushe 1k hadi 470? La pili, koili ikipungwa hewani bila metali yoyote, kizingiti (sauti ya msingi ya ditekta) kinapanda na kushuka kufuata mkono. Ni kebo?

---

Rasi_NE5534:

Usianze na opampu. 1k yenyewe inatoa kelele ya 4 nV kwa kipeuo cha pili cha hezi, na NE5534 inatoa karibu 4. Jumla 5.7. OPA1611 ina 1.1, lakini kelele yake ya mkondo ikipita kwenye 1k inaongeza 1.7, jumla 4.5 hivi. Umepunguza moja ya tano kwa bei ya opampu kumi za NE5534.

Kushusha hadi 470 kwenye saketi ya kugeuza haiwezekani kwako. Mama Osiloskopu amekokotoa kwamba koili yako inataka 537 Ω. 470 peke yake iko chini ya hapo, yaani koili itajikokota hata ukiondoa rezista ya kutuliza. Ukitaka rezista ndogo, badilisha hatua ya kwanza iwe ya kutogeuza: ishara inaingia pini 3, uwiano wa 1k kwa 27k unabaki kwenye mrejesho lakini kwa thamani ndogo, mfano 100 Ω kwa 2.7k. Hapo rezista ya kuingilia inaonekana na koili tu wakati diodi zinapitisha. Zikiachia, mzigo unaondoka, na rezista ya kutuliza inakuwa 537 kamili. Bei yake ni kwamba utulivu unabadilika katikati ya mteremko, na kurekebisha kwa jicho kunahitaji subira.

Kwa sasa baki na 1k na NE5534. Wastani wa palsi nyingi utakusaidia zaidi: saketi ya kuwastanisha yenye muda wa sekunde 0.1 inakusanya palsi 60, kelele inashuka karibu mara 8.

---

Mama_Osiloskopu:

La pili siyo kebo. Ni uga wa sumaku wa dunia. Koili yako ina mizunguko 22 na eneo la mita za mraba 0.053, jumla 1.17. Uga wa maeneo yetu ni karibu mikrotesla 33. Ukiinamisha koili kwa kasi ya radiani moja kwa sekunde, unazalisha hadi mikrovolti 39. Mara 729 ni 28 mV kwenye tokeo, kubwa kuliko punje yoyote utakayoitafuta. Na kwa kuwa karibu na ikweta uga umelala, kuinamisha koili kidogo tu mwisho wa kila mpigo wa mkono kunatosha.

Dawa ni sampuli ya pili iliyochelewa, 150 µs au zaidi, ambapo mwitikio wa punje umeshakufa lakini uga wa dunia bado upo vilevile. Toa ya pili kwenye ya kwanza. Madirisha (vipindi vya kuchukua sampuli) yote mawili yawe na urefu sawasawa, mfano 10 µs kila moja, yakitofautiana hata kidogo kutoa kwako hakukamiliki. Swichi ya 74HC4066 kwenye ±5 V inafanya kazi, lakini hapo iko karibu na ukomo wake, kwa hiyo hakikisha jumla haizidi 10 V. Mstari wa kuiamrisha upite mbali na ingizo la opampu.

Ukishatoa na bado kizingiti kinatembea, basi kagua njia za shaba. Palsi yako inafika kama 2.5 A. Njia ya sm 5 yenye upana wa mm 1 ina karibu miliohmu 25. Palsi ikizimwa, betri inaendelea kuijaza kapasita kubwa, wastani 90 mA hivi; kwenye miliohmu hizo 25 ni zaidi ya 2 mV. Kama sifuri ya amplifaya imechukuliwa upande wa pili wa njia hiyo, unakuza mara 729 kitu ambacho siyo ishara. Kapasita ya 2200 µF ya upinzani mdogo wa ndani iwe sm 2 au 3 kutoka kwenye mguu tulivu wa koili na sosi ya mosfeti, kitanzi kiwe kidogo. Sifuri ya opampu iende kwa waya wake wa pekee hadi kwenye mguu wa koili wenyewe, usiopitisha mkondo mwingine wowote. Wengi wanabadilisha opampu tatu kabla ya kugundua kwamba ni waya.

---

Waya_na_Gundi:

Naongezea kuhusu koili, kwa sababu ukifika 10 µs koili inaanza kujiona yenyewe.

Waya mzito wa shaba ni metali kama metali nyingine. mm 0.5 uko ukingoni, usipande zaidi. Waya wa nyuzi nyingi wenye ganda la Tefloni ni bora, kwa sababu ganda nene linatenganisha mizunguko na kapasitansi ya koili inashuka. Tone kubwa la risasi kwenye kiungo ndani ya koili litaonekana kama shabaha ya kudumu. Kiungo kiwe chembamba, kisogezwe kwenye mpini.

Kinga ya umeme tuli usifanye kwa karatasi ya alumini. Mikondo yake inaishi hadi ndani ya dirisha lako. Tumia rangi ya grafaiti: kati ya ncha na ncha ya duara ipime kilohmu moja hadi kadhaa. Iache wazi sentimita moja isije ikafunga duara, la sivyo inakuwa mzunguko mmoja uliofupishwa. Kabla ya kinga zungushia koili povu au mkanda wa mm 3, maana kinga ikigusa waya inaongeza makumi ya pF na hesabu yote ya rezista ya kutuliza inabidi irudiwe. Kwa hiyo kinga kwanza, kutuliza baadaye.

Kuhusu kebo: ya antena ya TV, RG6, ina kama 55 pF kwa mita, nusu ya RG58, na inapatikana kila duka. Lakini nyingi zina kiini cha chuma kilichopakwa shaba. Kikiwa kwenye mpini hakina shida, kikifika kwenye kichwa cha koili kinaonekana. Pitisha sumaku, ikivuta usiingize ndani ya kichwa.

---

Rasi_NE5534:

Nakubali yote. Nyongeza moja: baada ya resini kuingia kwenye kichwa, pima tena masafa ya koili. Resini inaongeza kapasitansi kati ya mizunguko.

---

Fundi_Mikro:

KoiliYaGeita, umetaja udongo mwekundu na changarawe za chuma. Hilo linahitaji jibu lake, kwa sababu ukishafika 10 µs ndipo ardhi yenyewe itakapoanza kupiga kelele.

Madini ya chuma kwenye udongo ule hayarudi kwenye utulivu papo hapo. Yanarudi polepole, na volti yake inashuka takriban kwa 1/t. Punje inashuka kwa kasi ya kipeo, yaani kila baada ya muda wake inagawanyika kwa 2.7. Tofauti hiyo ya umbo ndiyo silaha yako. Kwa palsi ya 100 µs, ardhi kwenye 10 µs ina uzito wa 1/10 toa 1/110, na kwenye 30 µs ni 1/30 toa 1/130. Uwiano wake ni karibu 3.5. Kwa hiyo chukua sampuli ya 10 µs, toa sampuli ya 30 µs iliyokuzwa mara 3.5, ardhi inafutika. Weka trima kati ya 3 na 4, pandisha na kushusha koili juu ya ardhi isiyo na metali, sm 5 hadi 30, rekebisha mpaka sauti isibadilike. Kila sampuli kati ya hizo mbili lazima iwe imeshaondolewa uga wa dunia kwanza, kwa hiyo unahitaji dirisha la tatu lililochelewa.

Kuna gharama mbili na uzijue kabla. Ya kwanza: shabaha ambayo yenyewe ina uwiano wa 3.5 kati ya 10 na 30 µs inafutika pamoja na ardhi. Hiyo ni shabaha yenye muda wa karibu 16 µs. Fupi kuliko hapo inatoa alama moja, ndefu inatoa alama kinyume, katikati kuna ukimya. Punje ndogo ziko upande mfupi, ziko salama. Vipande vikubwa kidogo vinaweza kuanguka kwenye shimo hilo. Ndiyo sababu tokeo lisikatwe upande mmoja. Pande zote mbili ziende kwenye sauti, toni tofauti. Ukitaka kusogeza shimo, sogeza dirisha la pili: kwenye 20 µs uwiano unashuka hadi karibu 2.2 na shimo linahamia kama 13 µs.

Ya pili ni kelele. Kuzidisha sampuli ya pili mara 3.5 kunazidisha na kelele yake, jumla inakuwa karibu mara 3.6 ya sampuli moja. Punguza kwa kulifanya dirisha la pili liwe refu, mfano 10 µs la kwanza na 25 la pili, halafu rekebisha trima upya. Kila dirisha liwe na dirisha la uga wa dunia lenye urefu wake.

Kwa majaribio usitumie pete. Pete ni duara lililofungwa, muda wake ni mrefu, kila mashine inaipata. Tumia kipande cha karatasi ya alumini cha sm 1 kwa sm 1 na risasi ndogo za kuwindia ndege, ukizifukia sm 3 kwenye udongo huohuo mwekundu. Kagua kwanza kwenye 10 µs, halafu sogeza dirisha hadi 20. Alumini ikipotea kwenye 20 na kuonekana kwenye 10, mbele ya amplifaya yako kuko sawa. Isipoonekana kwenye 10 wakati mstari wa osiloskopu umenyooka, rudi kwenye rezista ya kutuliza, uko upande wa kujikokota.